Umbali wa Chai

Baba hupima njia kwa chai.
Toka hema letu hadi chemchemi: kikombe kimoja,
unakishika kikichoma, unafika kimepoa.
Hadi malisho ya juu, vitatu,
na cha tatu hukitafuna, kimeganda.

Kwa hiyo nilipomwambia
mwaka wa nuru si mwaka, ni umbali,
hakushtuka hata kidogo.
“Nani asiyejua hilo?” akasema,
akaendelea kufunga kwato ya mbuzi.

Mimi ni mpishi wa usiku kule kilimani Hanle.
Wanaochungulia mbingu hula saa nane za usiku,
dengu na wali, wamevaa makoti mezani.
Wakiongea nasikiliza,
na alfajiri nateremka na mkate uliobaki
na neno moja.

Nyota: moto unaojilisha wenyewe.
Sayari: mwanga wa kuazima.
(“Kama Gyurmet,” alisema baba,
“na lile koti la kaka yake.”)
Jua letu nalo ni nyota, tena ya wastani;
hili lilimuudhi, akala kimya.
Kibete cheupe: kaa la samadi ya yaki
baada ya wageni kuondoka,
halitoi ndimi, ila usiliguse.

Galaksi ilituchukua usiku mbili.
Mwishowe alinionyesha ng'ambo ya bonde:
kundi la Yangzom limelala,
mbuzi mia nne,
na kwa macho yake yenye ukungu, na kwa yangu mazima pia,
ni doa moja la weupe.
“Na letu?”
Letu tumo ndani, baba, tumebanwa katikati ya manyoya,
tunaona mgongo tu,
ule mstari wa maziwa unaokata anga.

“Shimo jeusi mmelionaje, kama halionekani?”
Nyota za jirani hulizunguka kwa mbio zisizo za kawaida.
Akatikisa kichwa taratibu.
“Mbwa mwitu,” akasema.
“Humwoni. Unaona masikio ya mbuzi.”

Nilimwambia Andromeda inatujia,
huenda makundi mawili yatachanganyika
bila nyota kugusa nyota, kwa jinsi zilivyoachana.
Alitaka kujua jambo moja tu:
alama za masikio atazisoma nani?

Kisha akaja mtalii, kijana wa Mumbai, mpole,
akamwambia baba, huku akinywa chai yetu,
kwamba nyota zote tuzionazo zilikufa zamani,
tunatazama makaburi.
Usiku tatu baba hakuniomba neno.
Alikaa hemani, mgongo mlangoni.

Nikamuuliza Bi Sharvari, yule wa darubini kubwa,
sahani ikiwa bado mkononi mwangu.
Alicheka na dengu mdomoni.
“Hapana jamani! Zile za macho matupu?
Nuru yake ina miaka kumi, mia, elfu chache.
Kwa nyota, elfu ni pumzi moja.
Bado zinawaka.”

Sikungoja gari. Niliteremka kwa miguu,
vikombe viwili na nusu, gizani, mkate kwapani.
Nikamwamsha.
Alitoka bila kofia,
akainua uso kwenye ile baridi
ambamo sasa haoni ila zile kubwa kubwa.

“Kwa hiyo zimo.”
Zimo, baba.
“Zote?”
Karibu zote.
“Karibu!” akacheka hadi akakohoa,
“na umbali wote huo!”

Nikaanza kumweleza kwamba ulimwengu nao unapanuka,
kwamba kadiri kitu kilivyo mbali
ndivyo kinavyozidi kukimbia,
kwamba hakuna ukingo tunaoujua,
lakini alikwisha kuingia ndani, anatafuta kofia.

“Kesho niletee neno fupi,” sauti yake ilitoka gizani.
“Mbuzi wanaanza kuzaa.”